Gunia linalotoka Januari na kurudi Juni

Wiki ya kwanza ya Januari, ukipishana na bodaboda iliyofunga gunia la mahindi kwenye barabara za vumbi za Webuye, usifikiri unaona biashara. Mara nyingi unaona karo. Shule zinafunguliwa, mtoto anatakiwa aende na sare, godoro, sanduku la bati na pesa za muhula wa kwanza, na ndani ya nyumba hakuna noti, kuna magunia matano yaliyoegemezwa ukutani. Moja linatolewa. Sokoni linafunguliwa na kupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili na kidogo ambalo ndilo mizani ya magharibi mwa Kenya. Mnunuzi anataja bei, mama anaguna, anapokea. Angefanyaje? Nyuma yake wamepanga foleni akina mama wengine na magunia yao, na wote wana watoto wanaofungua shule siku hiyohiyo.

Juni mama huyo yuko soko lilelile. Safari hii yeye ndiye anayenunua, gorogoro moja leo, mbili keshokutwa, kwa bei iliyopanda. Shambani mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Swali hili wachumi wa kilimo wamelitafuna kwa miaka mingi: kwa nini mtu auze mali yake ikiwa rahisi, kisha ainunue tena ikiwa ghali? Jibu la haraka, ambalo mtu hulisikia sana kwenye semina zenye chai na maandazi, ni kwamba wakulima wadogo hawana elimu ya biashara. Wafundishwe kutunza kumbukumbu, wafundishwe subira. Theodore Schultz, Mmarekani aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1979, alilikataa wazo hilo tangu miaka ya 1960. Yeye alishikilia kwamba mkulima maskini anakitumia vizuri kile alicho nacho. Umaskini wake unatokana na uchache wa alicho nacho. Mimi naona hapo ni pazuri pa kuanzia. Tuchukulie kwamba mama wa Webuye anajua hesabu vizuri, kisha tuitafute hesabu yenyewe anayoipiga.

Kwanza tuhakikishe bei inapanda kweli, maana watu hupenda kuongeza chumvi. Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski walikusanya bei za vyakula za miaka mingi kutoka masoko ya nchi saba za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Walikuta kwamba kati ya mwezi wa bei ya chini na mwezi wa bei ya juu, mahindi hupanda kwa wastani wa asilimia 33. Mchele hupanda nusu ya hapo. Nyanya, ambazo hazikai, hupanda asilimia 60. Ukilinganisha na soko la dunia, mawimbi haya ni makubwa mara mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo theluthi ya bei ndiyo inayopotea mikononi mwa anayeuza wakati wa mavuno.

Sasa hesabu ya mama. Namba hizi ni za mfano tu. Gunia la kilo 90 ni shilingi 3,000 Januari, na 4,000 Juni. Akilishika gunia miezi mitano, anapata 1,000 ya ziada. Mwenye akiba benki angesema hii ni biashara ambayo haifai kukosa. Lakini mama hana akiba, na shule inataka 3,000 leo. Anaweza kuuza gunia, au akalishika na kukopa 3,000 kwa jirani anayekopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi. Kufika Juni riba imefika 1,500. Gunia limemwingizia 1,000 na mkopo umemtoa 1,500. Amepoteza 500 kwa kuwa na subira.

Kumbe kuuza Januari ndiyo njia ya busara. Ukiitazama vizuri, mama hakuuza mahindi hata kidogo: alikopa. Alichukua 3,000 Januari, akarudisha 4,000 Juni, na aliyemkopesha ni soko. Riba yake ni kubwa, ila ni ndogo kuliko ya jirani, haina dhamana ya ng'ombe, na haina mtu wa kuja kubisha hodi saa kumi na mbili asubuhi. Emma Stephens na Christopher Barrett walionyesha jambo hili mwaka 2011 kwa takwimu za magharibi mwa Kenya. Kaya zisizo na pa kukopa au kupata fedha taslimu ndizo zinazouza mapema na kununua baadaye, na hufanya hivyo zikijua fika bei itapanda.

Hoja nzuri, lakini hoja hupimwa. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliipima Bungoma, kaunti yenye mji wa Webuye, kati ya 2012 na 2014, wakishirikiana na One Acre Fund, shirika linalowakopesha wakulima mbegu na mbolea. Waliwapa wakulima mkopo mdogo wakati wa mavuno, na dhamana ikawa ni mahindi yenyewe. Magunia hayakuhamishwa; yalibaki nyumbani, yamefungwa lebo. Vikundi vya kupewa mkopo vilichaguliwa kwa kura, ili watakaopata na watakaokosa wawe wanafanana kwa kila kitu kingine.

Hizo lebo nazipenda kuliko jedwali lolote la utafiti ule. Aliyekulia kijijini anajua gunia lililo wazi sebuleni lina ndugu wengi. Shemeji anapita, anasalimia, anaketi, macho yanaelekea ukutani, na kabla chai haijapoa ameshasema kwamba kwake hali si nzuri. Kumnyima ni aibu, kumpa ni kujiweka njaa mapema. Gunia lenye lebo linampa mwenye nyumba maneno ya kusema: hili si letu tena, lina deni la watu.

Matokeo yalikuwa haya. Waliopata mkopo walilipa shida zao za mavuno kwa pesa hiyo, wakashika mahindi, wakauza bei ilipopanda, na wakanunua machache wakati wa njaa. Faida waliyopata juu ya mkopo ilikuwa asilimia 29 kwa miezi tisa. Hakuna aliyepewa somo la biashara. Walipewa nafasi ya kupumua, na hesabu wakaipiga wenyewe.

Utafiti ungeishia hapo ungekuwa habari njema ya kawaida, ya kuwekwa kwenye kijitabu chenye picha ya mkulima anayetabasamu. Ila watafiti walifanya ujanja mmoja zaidi. Kwenye baadhi ya maeneo walitoa mikopo kwa vikundi vingi, kwingine kwa vikundi vichache. Pale ambapo wengi walipata, soko lenyewe lilibadilika: mahindi machache yalimwagwa sokoni wakati wa mavuno, bei ya wakati huo ikapanda kidogo, na bei ya baadaye ikatulia kidogo. Ule mlima wa bei ukapungua urefu. Waliokopa maeneo hayo walipata faida ndogo kuliko wenzao wa maeneo yenye mikopo michache, kwa sababu tofauti ya bei waliyokuwa wakiitegemea wao wenyewe ndio walioipunguza. Majirani ambao hawakukopa hata shilingi walifaidi bure: waliuza kwa bei nzuri zaidi mavuno, wakanunua kwa unafuu baadaye.

Hapa pana fundo. Mkopo ukienea, sehemu kubwa ya manufaa yake inakwenda kwa watu wasiomlipa mkopeshaji chochote. Benki inayotazama vitabu vyake itaona wateja wake wananufaika kidogo kuliko ilivyotarajia, itaona biashara haina nguvu, na itafunga dirisha, wakati kijiji kizima kinanufaika. Hii ndiyo hoja ya kweli ya serikali kuingiza mkono katika mikopo ya mavuno, na ni hoja tofauti kabisa na ile ya kumwonea mkulima huruma. Tukumbuke pia kwamba mikopo ilipokoma, watafiti waliporudi baadaye hawakuona athari iliyobaki. Msimu mmoja au miwili ya nafuu haikutosha kumfanya mtu ajitegemee.

Tusiseme kila kitu ni mkopo, hata hivyo. Mahindi hayakai tu kama mawe. Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionekana mdudu ambaye wakulima hawakuwahi kumwona: dumuzi, aliyetokea Amerika ya Kati. Fukusi wa zamani alikuwa mgeni mla kidogo. Huyu aligeuza punje kuwa vumbi. Watu walimpa jina la Scania, kama lile lori. Baadaye alipoenea Kenya walimwita Osama. Majina hayo peke yake yanakueleza kwa nini mtu aliuza mapema. Theluthi ya bei unayoingojea haina maana ikiwa Scania ameshapita ghalani kabla yako.

Dawa ya unga ipo, inafanya kazi ikichanganywa sawasawa na ikiwa haijaisha muda. Mifuko isiyopitisha hewa ipo pia. Ile inayojulikana kwa jina la PICS ilianzia kwenye kunde za Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, na siri yake ni ndogo: mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa kusokotwa, unafunga mdomo kwa nguvu, mdudu anakosa hewa, anakufa. Utafiti uliofanywa Tanzania kwa kuwagawia baadhi ya wakulima mifuko ya aina hii, na kuwauliza hali yao ya chakula kwa ujumbe wa simu mwaka mzima, ulikuta kaya zenye upungufu mkubwa wa chakula zimepungua kwa asilimia 38 katika miezi ya njaa. Si kitu kidogo kwa mfuko wa plastiki.

Kisha kuna bahati. Theluthi ile ni wastani, na wastani hauliwi. Leila Cardell na Hope Michelson wamepitia bei za masoko mengi na kukumbusha kitu ambacho wafanyabiashara wanakijua: iko misimu ambayo bei haipandi, au inashuka, kwa sababu mvua za jirani zilikuwa nzuri au meli imeshusha mahindi bandarini. Aliyeshika magunia mwaka huo amekula hasara. Mwenye magunia mia anaweza kustahimili mwaka mmoja mbaya kwa ajili ya mitatu mizuri. Mwenye magunia matano hawezi.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mama wa Webuye ni muuzaji mwenye matatizo. Hebu tupige jumla ya mwaka wake: aliuza magunia mawili, akanunua matatu. Huyu ni mkulima wa mahindi ambaye kwa hesabu ya mwaka ni mnunuzi wa mahindi. Na hayuko peke yake. Thom Jayne wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wenzake wa Taasisi ya Tegemeo, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, wamefuatilia kaya za wakulima wa Kenya kwa miaka mingi, na picha inayojirudia, Kenya na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika, ni hii: wakulima wadogo wengi ama wananunua mahindi kuliko wanavyouza, ama hawauzi kabisa. Sehemu kubwa ya mahindi yanayofika sokoni inatoka kwa wachache wenye mashamba makubwa kidogo, wenye trekta au uwezo wa kukodi, waliojaa zaidi Trans Nzoia na Uasin Gishu.

Ukishaliona hili, hotuba nyingi za kilimo zinaanza kusikika tofauti. Mwanasiasa anasimama na kusema mkulima apewe bei nzuri ya mahindi, na uwanja mzima unapiga makofi. Mama wa Webuye naye anapiga makofi, kwa sababu yeye ni mkulima. Juni atalipa.

Kwa Kenya hili limepimwa. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, imekuwa ikinunua mahindi kwa bei iliyotangazwa na serikali, mara nyingi juu ya bei ya soko. Jayne, Robert Myers na James Nyoro walichunguza athari zake na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Kati ya 1995 na 2004, kazi ya bodi ilipandisha wastani wa bei ya mahindi kwa takriban asilimia 20. Kwa upande mmoja bodi ilituliza bei, na utulivu una thamani yake, nisiidharau. Kwa upande mwingine, ile asilimia 20 ililipwa na wakazi wa mjini pamoja na wakulima wadogo walio wengi ambao ni wanunuzi, ikaenda kwa kikundi kidogo cha wauzaji. Fedha ilitoka kwa maskini wa shamba la ekari moja ikaenda kwa mwenye ekari mia, na safari yote iliitwa kumsaidia mkulima.

Wapo wanaojibu kwamba bei ikiwa juu, mwenye shamba kubwa ataajiri vibarua wengi, na mama wa Webuye atapata kazi ya kupalilia. Hoja hiyo ina ukweli, hasa bei ikibaki juu kwa miaka. Lakini kibarua anakula kila siku, na palizi ni wiki chache.

Basi wengine husema: ikiwa wengi ni wanunuzi, fungeni mipaka ili mahindi yabaki ndani na yashuke bei. Tanzania imefanya hivyo mara kadhaa. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje. Zambia na Malawi nazo zimefanya. Obie Porteous alizichambua marufuku 13 za muda mfupi zilizotolewa na nchi tano za mashariki na kusini mwa Afrika katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Alitafuta kitu kimoja: je, tofauti ya bei kati ya soko la upande huu wa mpaka na la upande wa pili iliongezeka? Marufuku ikifanya kazi, lazima iongezeke, kwa kuwa mahindi yamezibwa upande mmoja. Hakuona athari yoyote ya kutajika. Alichoona ni kwamba ndani ya nchi iliyofunga mpaka, wakati wa marufuku, bei zilikuwa juu zaidi na zenye kuyumba zaidi.

Aliyewahi kusimama Tunduma au Tarakea, mipakani mwa Tanzania, hatashangaa. Njia za panya hazisomi gazeti la serikali. Gunia linavuka kwa pikipiki, kwa baiskeli, kwa kichwa. Kinachobadilika ni mgawanyo: lori kubwa linalopita geti kihalali linasimama, wenye kujua njia wanabaki, na bei wanayompa mkulima wa Sumbawanga inashuka kwa sababu sasa ana wanunuzi wachache na wao wanabeba hatari ya kukamatwa. Tangazo lenyewe pia linatisha watu. Mwenye duka akisikia mpaka umefungwa anasoma kwamba serikali imeona upungufu ambao yeye hajauona, na anaanza kuficha magunia.

Kwa hiyo mkulima wa nyanda za juu anapoteza, na mnunuzi wa mjini hapati alichoahidiwa. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sera isiyofanya kazi inarudiwa. Nadhani ni kwa sababu inatangazwa kwa siku moja, haigharimu bajeti, na inaonekana.

Halafu wapo madalali, ambao kila upande unawalaumu. Kwa kawaida sipendi lawama hizo. Mtu anayetembea na pikipiki kijiji hadi kijiji kukusanya magunia mawili mawili, akayapanga hadi yajae lori, anafanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya. Lakini Bergquist, yuleyule wa Bungoma, akiwa na Michael Dinerstein, alifanya jaribio lingine kwenye masoko ya magharibi mwa Kenya ambalo limenifanya nipunguze utetezi. Waliwapa wafanyabiashara wa mahindi kiasi fulani cha pesa kwa kila kilo waliyouza, sawa na kuwapunguzia gharama zao. Kungekuwa na ushindani wa kweli, karibu unafuu wote ungemfikia mnunuzi. Kwa kila shilingi 100 waliyopunguziwa, bei ilishuka kwa 22 tu. Watafiti wakaenda mbali zaidi: waliwavutia kwa pesa wafanyabiashara wapya waingie kwenye masoko hayo. Wapya waliingia, bei haikutikisika sana. Walikaa, wakasalimiana na wenyeji, wakauza kwa bei ya wenyeji.

Hili lina maana kubwa kwa wanaopanga barabara na ruzuku za usafiri. Barabara ikipunguza gharama ya kuleta mahindi sokoni, usitegemee unafuu wote umfikie mama mwenye gorogoro. Robo hivi itamfikia. Barabara ijengwe, lakini makadirio ya faida yake yaandikwe kwa kalamu nyepesi.

Turudi kwenye pesa na majira yake, maana hapo ndipo nadhani mambo mengi yamefichwa. Mbolea inahitajika Machi. Pesa ipo Oktoba hadi Januari. Kati ya hapo kuna Krismasi, karo, mazishi, bati lililong'oka. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi Busia, mpakani na Uganda, kwa mpango ulioitwa SAFI, jina ambalo nashuku lilichaguliwa na mtu mwenye utani. Mara tu baada ya mavuno, wakulima walitembelewa na kuuzwa vocha ya mbolea kwa bei ileile ya dukani. Nafuu pekee ni kwamba mbolea ingeletwa nyumbani bila nauli, na ofa ilikuwa ya muda mfupi. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa kati ya asilimia 47 na 70. Wakulima wengine walipewa punguzo la nusu bei baadaye msimuni, wakati wa kuweka mbolea yenyewe ulipokaribia, na hilo halikuvuta watu zaidi ya SAFI.

Nusu bei ni pesa nyingi sana kwa hazina ya serikali. Nauli ya kwenda mjini kuchukua mfuko ni senti.

Linganisha na mipango tunayoifahamu. Kenya ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Nafuu kubwa. Lakini mfuko ulipatikana zaidi kwenye maghala ya bodi, kwa foleni, kwa aliye na 2,500 mkononi msimu wa kupanda na nauli ya kuurudisha nyumbani. Ni nani huyo? Mara nyingi ni yule ambaye hakulazimika kuuza gunia Januari. Ruzuku inamfikia aliye tayari, na aliye tayari ana shamba kubwa kidogo. Tafiti za ruzuku kutoka Zambia hadi Malawi zimelikuta jambo hili mara nyingi kiasi kwamba halistaajabishi tena.

Tanzania ina kitu kinachokaribia jibu, kwenye karatasi. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2005 inaruhusu mkulima kuweka mazao ghalani, apewe stakabadhi, aitumie kukopa benki, na auze bei ikiwa nzuri. Ni wazo lilelile la Bungoma lenye mihuri. Limeshika zaidi kwenye korosho, zao ambalo wote wanaolima wanauza na hakuna anayelirudisha nyumbani kulisonga. Kwa mahindi ni kazi ngumu zaidi. Ghala linataka tani, mama ana magunia matano. Ghala liko wilayani, na mahindi yake anayahitaji jikoni wiki ijayo. Zao ambalo ni chakula na pesa kwa wakati mmoja halikubali kufungiwa mbali.

Ndiyo maana mimi nina imani zaidi na ghala dogo la kikundi. Shilpa Aggarwal, Eilin Francis na Jonathan Robinson walijaribu magharibi mwa Kenya kuwaunganisha watu wa vyama vya kuweka na kukopa waweke mahindi pamoja, kila mtu na mfuko wake wenye jina, mahali pamoja, chini ya macho ya wenzake. Hakukuwa na mkopo. Kati ya waliopewa nafasi, waliouza mahindi sokoni walipanda kutoka 36 hivi kati ya 100 hadi zaidi ya 70, na waliuza baadaye, kwa bei bora. Kikundi kilifanya kazi ya lebo: shemeji hakuliona gunia, na mwenye gunia mwenyewe alihitaji sababu ya kulifungua.

Ningekuwa na nafasi ya kumwuliza waziri yeyote wa kilimo swali moja, nisingeuliza kuhusu mbolea. Ningeuliza kama amewahi kukaa na mwenzake wa elimu wakatazama kalenda. Tanzania iliondoa ada za shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa namna fulani hiyo ilikuwa sera ya mahindi pia, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Michango na sare bado vinaombwa mwezi uleule. Kenya bado ina karo za bweni, na muhula wa kwanza ndio mzito. Karo ikihamishwa kidogo tu kuelekea muhula wa pili, maelfu ya magunia yangebaki ukutani wiki chache zaidi bila mtu yeyote kupewa mkopo, semina wala mfuko.

Kwa sasa kalenda iko palepale. Shule zitafunguliwa mwanzoni mwa Januari, na lori la mnunuzi wa mahindi litakuwa limeshaegeshwa sokoni tangu siku ya pili ya Krismasi, turubai limekunjwa, dereva amelala kivulini.